Kilichomo, na Tumejuaje: Barua ya Wazi Kuhusu Metali za Mbeya na Iringa

Kwa:
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Viwango Tanzania (TBS)
Mkurugenzi Mkuu, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO)
Makamu Mkuu wa Chuo, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST)

YAH: OMBI LA KANZIDATA YA METALI NA ALOI KWA MIKOA YA MBEYA NA IRINGA

Waheshimiwa,



Barabara kuu itokayo Tunduma hupita Mbeya, ikashuka Igawa, ikapanda Makambako na Mafinga, kisha ikapita Ipogolo chini ya mji wa Iringa kwenda pwani. Usiku na mchana hupita juu yake malori yaliyobeba shaba ya Zambia na Kongo. Mabamba yale hayasafiri bila karatasi. Usafi wake unajulikana hadi tarakimu mbili baada ya nukta, asilimia 99.99, kwa sababu mnunuzi wa ng'ambo hanunui rangi nyekundu, ananunua kilichomo. Hatua chache kutoka kwenye lami hiyo hiyo, karakana za Mwanjelwa, Uyole na Mafinga huchonga shafti za mashine za kukoboa mpunga wa Usangu, hunoa misumeno ya mbao na kuchomelea tela za matrekta, kwa vyuma ambavyo mara nyingi utambulisho wake ni rangi iliyopakwa kwenye ncha ya ufito pamoja na neno la muuzaji. Shaba ipitayo njia inajulikana hadi chembe ya mwisho. Chuma kinachobaki kufanya kazi hapa kwetu hakijulikani hata ni cha kundi gani. Barua hii inahusu hicho kinachobaki.

Naomba taasisi zenu tatu zishirikiane kujenga kanzidata ya metali na aloi zinazotumika Mbeya na Iringa, iwe wazi kwa fundi, mwanafunzi, mfanyabiashara na mkaguzi, isomeke kwa Kiswahili na ifunguke kwenye simu ya mkononi. Orodha za majina tunazo za kutosha, na kuongeza nyingine hakutasaidia mtu. Hoja yangu ni kwamba kanzidata hiyo isimame juu ya maswali mawili: ndani ya metali hii mna nini, na tumejuaje? Jina, umbo, nchi ilikotoka na kazi inayofanywa nayo ni habari muhimu, lakini ziwe milango ya kuingilia nyumbani, zisifanywe msingi wa nyumba. Nitaeleza kwa nini misingi mingine yote hubomoka, kisha nitajibu pingamizi ninazotarajia kutoka kwenu na kutoka kwa mafundi wenyewe.

Wazo hili si geni serikalini. Mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao nchi za Afrika Mashariki huutumia kutoza ushuru wa forodha, umezipanga metali kwa sura zake: chuma na pua sura ya 72, shaba ya 74, nikeli ya 75, aluminiamu ya 76, risasi ya 78, zinki ya 79, bati ya 80. Aloi huhesabiwa kuwa ya ile metali iliyozidi nyingine kwa uzito. Chuma kisichoshika kutu hakitambuliwi kwa kung'aa kwake. Kimewekewa mpaka wa tarakimu, yaani kromi isiyopungua asilimia 10.5 na kaboni isiyozidi asilimia 1.2. Afisa forodha wa Tunduma anao mkononi uainishaji wa kilichomo. Vivyo hivyo katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa nchini mwaka 2019, likiwamo la Chunya: dhahabu hupimwa usafi wake ndipo bei na mrabaha vikokotolewe. Hakuna anayelipwa kwa kusema tu kwamba dhahabu yake ni nzuri. Serikali, basi, inajua vizuri kuuliza kilichomo pale penye ushuru na mrabaha. Ninachoomba ni swali hilo liulizwe pia penye shafti, penye sufuria na penye tangi la maziwa.

Kwa nini soko lenyewe halikuuliza? Nadhani jibu liko kwenye mizani ya chakavu. Kiswahili cha kawaida huita shaba metali tatu zilizo mbali: shaba nyekundu yenyewe, ile ya manjano iliyochanganywa na zinki ambayo ndiyo ya mabomba na vitasa, na ile ya bushi na kengele iliyochanganywa na bati. Lakini mnunuzi wa chakavu hachanganyi. Yeye ana kopa na ana brasi, kila moja kwenye gunia lake na kwa bei yake, kwa sababu akikosea hasara ni yake jioni hiyo hiyo. Sasa mwangalie muuza vyuma vya shafti. Akikosea, au akikosewa na aliyemuuzia, hasara haimpati yeye. Inampata mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ubaruku miezi minne baadaye, katikati ya msimu wa mavuno, shafti inapokatika na foleni ya magunia imefika barabarani. Naye atamlaumu fundi, fundi atalaumu bearing, na jina la chuma halitatajwa. Uainishaji humfuata anayelipia kosa. Pale mlipaji asipokuwapo mezani wakati wa kuuziana, soko haliwezi kujiainishia lenyewe, na hapo ndipo kazi ya taasisi za umma inapoanza.

Tukubaliane kwamba uainishaji unahitajika. Bado tutaulizana kwa nini tusitumie majina yaliyopo. Chukueni chuma kimoja tu, kile cha kaboni ya kati ambacho karakana nyingi hukitafuta kwa shafti na gia. Mmarekani hukiita 1045, Mjerumani C45, Mjapani S45C, Mchina 45. Kila taifa lina desturi yake ya kutoa jina. Katika majina hayo manne tarakimu 45 hudokeza kaboni, asilimia 0.45 hivi. Lakini jina la kale la Uingereza, EN8, ambalo bado linasikika katika biashara ya vyuma kwenye nchi zilizotawaliwa na Mwingereza, halidokezi chochote: ni namba ya mpangilio iliyotolewa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Nenda kwenye vyuma vya ujenzi ukute mambo yamegeuka tena. Q235 ya Kichina haisemi kaboni. 235 ni nguvu ambayo chuma hicho hustahimili kabla ya kupinda moja kwa moja, ikipimwa kwa megapaskali. SS400 ya Kijapani nayo hutaja nguvu, lakini nguvu ya kukatika, na kiwango chake hubana fosforasi na salfa huku kikiiacha kaboni bila mpaka. Mchomeleaji anayeona 45 na 400 kwenye rafu moja anaona namba mbili, kumbe anasoma lugha mbili. Kanzidata itakayoyapanga majina haya kwenye safu moja na kuyaita daraja la chuma itakuwa imepanga kilo na mita pamoja.

Hata yale majina manne yanayodokeza kaboni hayalingani sawasawa. Kiwango cha Ulaya na cha China huruhusu kaboni kuanzia asilimia 0.42 hadi 0.50, cha Marekani 0.43 hadi 0.50, na cha Japani 0.42 hadi 0.48. Kwa hiyo ufito wenye kaboni ya asilimia 0.49 ni halali Berlin, Beijing na Chicago, na si halali Tokyo. EN8 iko mbali zaidi, kwa kuwa kaboni yake ni takriban asilimia 0.36 hadi 0.44, inagusana na wenzake pembeni tu, ingawa dukani huuzwa kama pacha wao. Mwenye kanzidata akiandika kwamba EN8 ni sawa na C45 amesema uongo mdogo ambao utazaa mwingine, maana kompyuta itaunganisha yaliyo sawa na sawa yake mpaka vyuma viwili visivyojuana viwe ndugu. Uhusiano wa kuandikwa kati ya majina hayo ni wa kupishana: majina haya mawili yanashirikiana eneo hili la kaboni, na nje ya hapo kila mtu na njia yake. Hilo haliwezekani mpaka kwanza uwe na eneo lenyewe, yaani kilichomo, kimeandikwa kwa kiwango cha chini na cha juu kwa kila elementi.

Mfano wa pili ni stenlesi, jina la dukani la chuma kisichoshika kutu, ambalo limekuwa kama kiapo cha ubora. Chini ya neno hilo hilo huuzwa daraja la 304, lenye kromi asilimia 18 hadi 20 na nikeli 8 hadi 10.5, na daraja la 201, ambalo nikeli yake imepunguzwa hadi asilimia 3.5 hadi 5.5 na nafasi yake kujazwa na manganisi. Kwa macho hayatofautishiki. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni sumaku: isiposhika, basi ni stenlesi halisi. Lakini sumaku haishiki 201 wala 304, kwa hiyo haiwezi kuyatenganisha. Tena 304 ikikunjwa baridi huanza kuvutwa kidogo, na daraja la 430, ambalo ni stenlesi halali kwa tafsiri ya forodha, huvutwa kabisa. Kipimo kinachoaminika sokoni huwapitisha wasiostahili na kuwafukuza wanaostahili. Anayeunda tangi la kuhifadhia maji ya mvua anaweza asione tofauti kwa miaka mingi. Anayeunda sinia na mapipa ya kusindika nyanya za Ilula, zenye tindikali na kutiwa chumvi juu yake, ataiona mapema, kwa madoa ya kutu na vitundu kwenye maungio. Kwa kazi ya namna hiyo wataalamu hupendekeza hata 316, iliyoongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3. Neno moja limefunika vitu vinne, na mwenye kiwanda kidogo hulipia neno.

Umbo nalo huponza. Bati kwa kamusi ni metali nyeupe laini, ile ile ya sura ya 80 ya forodha. Kwa mjenzi wa Kilolo, bati ni karatasi ya chuma chenye kaboni kidogo iliyopakwa zinki, au iliyopakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55 na zinki asilimia 43 na ushei, na ndani yake hamna bati hata chembe. Nikisema kilichomo kiwe msingi, mtaniuliza: kilichomo kwenye bati ni kipi, chuma au zinki? Swali hilo ni zuri kwa sababu linatulazimisha kutenganisha kiini na tabaka la juu. Rekodi ya bati la kuezekea inapaswa kusema kiini ni aloi fulani yenye unene fulani, na juu yake kuna tabaka la aloi nyingine lenye uzito fulani kwa mita ya mraba. Kuvichanganya viwili hivyo kwenye safu moja kutatupa metali ambayo haijawahi kuwapo duniani, yenye chuma na zinki kwa wastani. Geji, ambayo ndiyo ugomvi wetu mkubwa madukani, hupima unene peke yake. Haisemi tabaka ni la nini wala ni zito kiasi gani, na tabaka ndilo linaloamua bati litaota kutu baada ya miaka mingapi.

Hapa mwanafunzi mzuri wa uhandisi pale MUST atanyoosha mkono. Atasema kilichomo hakitoshi, kwa kuwa vyuma viwili vyenye kaboni ile ile hutofautiana kama mchana na usiku: kimoja kimepozwa taratibu, kingine kimepigwa moto na kuzamishwa kwenye oili. Amesema kweli, na pingamizi lake ndilo zito kuliko yote. Jibu ni kwamba moto huo haubadilishi kilichomo, hubadilisha hali. Springi ya lori iliyolainishwa na iliyokazwa ni chuma kile kile katika hali mbili, kama maji yalivyo maji yakitiririka na yakiwa barafu. Hali iandikwe kwenye safu yake, na nguvu, ugumu na unyumbukaji viandikwe chini ya hali, visiandikwe chini ya jina la aloi. Kosa la orodha nyingi ni kuipa aloi namba moja ya nguvu kana kwamba haiwezi kuwa na nyingine. Mfumo wa namba wa UNS, uliobuniwa Marekani miaka ya 1970 kwa herufi moja na tarakimu tano, unakiri jambo hili waziwazi: namba yake hutambulisha metali, na haitoi sharti lolote la umbo, hali wala ubora. Waliotutangulia walijua mpaka wa kile walichokuwa wakikiita.

Swali la pili, la tumejuaje, ndilo litakaloitofautisha kanzidata ya Mbeya na Iringa na zile za nchi zenye viwanda vikubwa. Wao huanza na chuma kilichotoka kiwandani na cheti chake. Sisi sehemu kubwa ya metali zetu huanzia kwenye chakavu. Methali husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa chuma chakavu mambo ni kinyume: mali haipotei, inayopotea ni habari. Pistoni ya lori ilizaliwa ikiwa na utambulisho kamili. Ilipofika kwenye lundo ikawa aluminiamu tu, na ilipoyeyushwa pamoja na makopo, fremu za madirisha na vifuniko vya injini, haikuwa tena aloi yoyote iliyo kitabuni. Metali ya namna hiyo huishia jikoni: mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya kupikia vya aluminiamu kutoka nchi 10 zinazoendelea, Tanzania ikiwa mojawapo. Vyombo 15 viliachia mikrogramu 1 au zaidi ya risasi kwa kila mlo wa mililita 250. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Risasi haimo katika aluminiamu kwa asili yake. Huingia na vipande visivyotenganishwa, vyenye lehemu, vizito vya kubalansi matairi au brasi ya koki.

Kwa metali za namna hiyo, kanzidata ikithubutu kuandika daraja itakuwa inabuni. Inachoweza kufanya kwa uaminifu ni kusajili mzigo mmoja wa kuyeyusha: lundo lilikuwa la nini, lilipimwa au halikupimwa, na kama lilipimwa, kilipatikana nini. Pasipopimwa iandikwe haijulikani. Najua taasisi hupenda safu zilizojaa, na neno hilo litaonekana kama aibu kwenye ripoti ya mwaka. Lakini safu tupu iliyoandikwa kwa makusudi ina faida ambayo safu iliyojazwa kwa kubahatisha haina: inamwambia mpishi wa shule na mnunuzi wa jumla mahali ambapo uangalizi unahitajika, na inawaambia ninyi sampuli inayofuata ichukuliwe wapi.

Msidhani uainishaji wa kilichomo ni desturi ya wageni inayobandikwa juu ya nchi isiyojua metali. Kabla ya jembe la dukani, Wakinga wa milima ya Livingstone walifua chuma na kuwauzia majirani zao Wanyakyusa, Wapangwa wa Ludewa waliyeyusha mawe yao, na Wafipa walijenga tanuri ndefu za udongo, malungu, kisha wakakisafisha chuma mara ya pili kwenye tanuri ndogo. Kuyeyusha mara mbili ni ushahidi kwamba walitofautisha chuma kilichojaa taka na chuma safi, wala hawakuridhika na jina moja kwa vyote viwili. Na pale Mbozi, iliyokuwa ndani ya Mkoa wa Mbeya mpaka Songwe ilipomegwa mwaka 2016, limelala jiwe la kujaribia kanzidata yoyote: kimondo chenye chuma takriban asilimia 90 na nikeli asilimia 8 na ushei. Kiwanda hakikukitengeneza, hakina jina la daraja, na kazi yake ni kutazamwa. Mfumo wa majina hautakipokea, mfumo wa matumizi utakiweka makumbusho, mfumo wa nchi ya asili utabaki ukiangalia juu. Mfumo wa kilichomo unakipokea bila shida: aloi ya chuma na nikeli, imepimwa. Mfumo unaoweza kupokea kitu kilichoanguka kutoka mbinguni hautashindwa na nondo isiyo na chapa.

Pingamizi jingine nalisikia likitoka TBS: viwango vipo tayari, vya taifa na vya kimataifa, na hifadhi kubwa za habari za vifaa zipo mtandaoni, kwa nini tuanzishe nyingine? Nakubali vipo. Lakini kiwango ni sharti, hueleza chuma kinapaswa kuwaje. Hakisemi chuma kilichoko Mwanjelwa leo kikoje. Zaidi ya hayo, matini ya viwango vingi huuzwa, na hifadhi hizo zimeandikwa kwa lugha na majina ya soko jingine. Fundi anayetafuta neno engo, flatibari au springi ya Fuso hatalikuta humo. Kazi ninayoiomba haishindani na viwango. Ni daraja la kuunganisha neno la karakana na kiwango kilichoko kabatini. Kama tayari mna orodha ya namna hiyo ofisini, fundi wa Mafinga hajaiona, na kazi iliyobaki ni kumfungulia.

Mafundi nao wana lao. Watasema mkono na sikio vinatosha. Ufito ukidondoshwa kwenye zege hulia kwa sauti yake, na ukiguswa na jiwe la grenda hutoa cheche zinazosomeka: chuma laini hutoa mistari mirefu isiyo na matawi mengi, chenye kaboni nyingi hupasuka kama maua. Sitaki ujuzi huo udharauliwe, kwa kuwa ni wa kweli. Usomaji wa cheche hufundishwa hata kwenye vyuo vya ufundi. Kasoro yake ni kwamba hauhami. Unakaa kwenye jicho la mtu mmoja, na akistaafu unakwenda naye. Ndiyo maana nataka safu ya tumejuaje iwe na ngazi: kuambiwa na muuzaji, sumaku, cheche, cheti cha kiwanda, kipimo cha maabara. Cheche ziwe ngazi halali yenye heshima yake, juu ya neno la muuzaji na chini ya kipimo. Fundi akiingiza alichokiona, na miezi sita baadaye maabara ikakithibitisha au kukikanusha, tutakuwa tumelifundisha jicho na tumeipa maabara kazi.

Gharama ni pingamizi la haki. Mashine za mkononi za mionzi ya eksirei, za aina inayotumika kupima dhahabu, zinaweza kutenganisha 201 na 304 kwa sekunde chache, na zinaweza kuiona risasi ndani ya sufuria. Lakini lazima tuambiane ukweli kabla ya zabuni kutangazwa: mashine hizo haziioni kaboni, ambayo ni nyepesi mno kwa mbinu hiyo. Kwa shafti, gia na springi, kaboni ndiyo habari yenyewe. Taasisi itakayonunua mashine ya eksirei na kuamini imemaliza kazi itaweza kuainisha stenlesi yote ya Iringa na ishindwe kutenganisha shafti ngumu na nondo ya nguzo. Kaboni huhitaji mashine kama spektromita ya cheche za umeme, ambayo ni ghali zaidi na hutaka gesi ya agoni. Sishauri inunuliwe moja kwa kila wilaya. Moja Mbeya, ikihudumia sampuli zinazotumwa kwa basi kutoka Iringa kwa ada nafuu, inatosha kuanzia, kwa sababu kanzidata hufanya kipimo kimoja kisomwe na watu elfu. Bila daftari la pamoja, kila kipimo hufa kwenye bahasha ya aliyekilipia.

Pingamizi la mwisho ni woga wa wafanyabiashara kwamba wataandikwa ili washitakiwe. Woga huo una msingi, na usipoondolewa sampuli hazitaletwa. Rekodi iwe ya metali, isiwe ya mtu. Ioneshe mji, mwezi na aina ya bidhaa, isitaje duka. Ukaguzi wa TBS una sheria na njia zake, uendelee kivyake. Muuzaji mwaminifu atafaidika kuliko wote, kwa kuwa leo hana namna ya kuthibitisha kwamba chuma chake cha bei ya juu si kile cha jirani yake wa bei ya chini.

Iko sababu nyingine ya kutosubiri. Liganga, Ludewa, pana mawe ya chuma yenye titani na vanadi ndani yake, yanayokadiriwa kufikia tani milioni 126. Na kilima cha Panda, karibu na mji wa Mbeya, kina niobi, elementi ambayo ikitiwa kwenye chuma kwa kiasi kisichofikia sehemu 1 kwa 1,000 hukiongezea nguvu waziwazi. Miradi hiyo imezungumzwa muda mrefu. Siku chuma chake kitakapotoka, kitahitaji watu waliozoea kufikiri kwa sehemu 1 kwa 1,000, na mazoea hayo hayaji pamoja na tanuri.

Mgawanyo ninaoupendekeza ni huu. SIDO, yenye vituo vya maendeleo ya teknolojia Mbeya na Iringa, ikusanye maneno ya karakana na sampuli. MUST ipime, na wanafunzi wa uhandisi wapate alama kwa rekodi walizothibitisha. TBS ilinde mpangilio wenyewe: iamue safu, itoe namba isiyobadilika kwa kila aloi, na izuie mtu yeyote kuandika sawa pale panapostahili kupishana. Tuanze na aina 60 za metali zinazopita zaidi mikononi mwa mafundi, kwa mwaka mmoja, ndipo tupanue.

Rekodi ya kwanza inaweza kuandikwa kesho asubuhi bila mashine yoyote. Jina la karakana: shafti nyeusi. Umbo: ufito wa milimita 50. Mahali: Mwanjelwa. Kiini: chuma. Tabaka: hakuna. Hali: haijulikani. Kilichomo: haijulikani. Tumejuaje: neno la muuzaji. Inaonekana kama rekodi maskini. Lakini ndivyo mwenye mashine wa Ubaruku anavyonunua kila msimu. Tofauti ni kwamba safari hii ataliona pengo kabla hajalilipia.



Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi

Nakala: Mkuu wa Mkoa wa Mbeya, Mkuu wa Mkoa wa Iringa